Mawe Mazito ya Oldonyo Sambu

Kazi yangu ilikuwa kufunga mawe. Nikisema hivyo wajukuu wangu hucheka, maana wao wanajua mawe ya kujengea na mawe ya mafiga, na hayo hayafungwi na mtu. Lakini wakati wa Wadachi, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, huko Oldonyo Sambu, palikuwa na shimo lililochimbwa kwa ajili ya mawe yasiyojenga chochote. Yalitolewa ardhini, yakafungwa kama mayai, yakapelekwa Arusha kwa gari la ng'ombe, kisha Moshi, kisha pwani, kisha Ulaya. Tuliambiwa kwamba huko yanawekwa ndani ya makabati ya kioo, watu wanapita wakiyatazama, halafu wanakwenda zao.

Mimi ni Mmeru wa upande wa mvua, kwenye migomba. Mume wangu alikuwa Mnyamwezi aliyefika Arusha na msafara wa wapagazi, akabakia kubeba mawe na chokaa wakati boma linajengwa. Baba yangu hakupenda nimfuate mtu asiye na ukoo wala shamba karibu, tena Mwislamu, na kwa muda mrefu hakuniita nyumbani. Tulikaa katika vijumba vya watu wa bara na wa pwani, chini ya boma. Huko ndiko nilikojifunzia Kiswahili, kwa majirani wanawake, kisimani na jikoni. Mume wangu alipenda kunisahihisha, nami nilipenda kumkasirikia.

Alipoitwa kwenda kulima barabara kwa lazima, akasikia kwamba Mdachi mmoja anatafuta wachimbaji kule kaskazini, na kwamba mtu akiwa kwa Mdachi huyo hashikwi kwa kazi nyingine. Tukafunga virago tukaenda wote wawili. Nchi ya huko haikufanana na kwetu. Upepo ulikuwa mkavu, vumbi liliingia mpaka kwenye ugali, na maji yalitoka mbali kwa punda. Waarusha walipita na ng'ombe wao, wakasimama kidogo kututazama tukitoboa kilima, kisha wakaendelea. Mzee mmoja wao aliniuliza kama tunatafuta chuma. Nikamwambia hapana. Akauliza kama ni dawa. Nikamwambia hapana, ni mawe ya kutazamwa. Alinitazama kama mtu anayedhihakiwa, akageukia ng'ombe wake.

Nilianza kama mpishi. Siku moja Mdachi alinikuta nikifunga mayai kwa majani makavu ya mgomba niliyoletewa na dada yangu, akasimama pale mpaka nikamaliza. Kesho yake nikapewa kazi ya kufunga mawe, na jungu likapewa mwingine.

Siwezi kusahau mara ya kwanza kulishika lile jiwe. Lilikuwa dogo, lingekaa kwenye kiganja cha mtoto, lakini mkono wangu ulishuka. Wajukuu wangu waliosoma wanasema mawe ya namna hiyo huitwa fuwele za bariti. Sisi tulisema mawe mazito, basi. Yalikuwa bapa kama visu, yamepandana na kukingamana, mengine meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, mengine rangi ya asali, na ukiinua moja kwenye jua uliona kidole chako upande wa pili. Ungedhani kitu kizito namna ile kitakuwa kigumu. Sivyo. Ukiligonga pembeni kidogo tu linapasuka, linatoka kipande laini kama kilichokatwa, na hakirudi tena.

Hapo ndipo hofu yetu ilipokuwa. Mdachi wetu hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi, na mawe yake aliyaosha mwenyewe kwa brashi laini, akayapuliza maji yatoke kwenye mianya, kama mama anavyomsafisha mtoto masikio. Lakini kabla hatujazoea, mchimbaji mmoja aliteleza na sanduku kwenye mteremko. Sanduku halikufunguka. Mdachi akalifungua mwenyewe, akatazama ndani, akalifunga, akaandika barua fupi, na yule mtu akapelekwa bomani na askari. Alirudi na viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, mgongoni. Alilala kifudifudi, na mwanamke mwenzangu niliyekuwa nikipika naye kambini akimpaka mafuta ya kondoo. Mdachi hakumpiga mtu hata siku moja kwa mkono wake. Tangu siku ile kila nilipofunga sanduku nilihisi kama nafunga mgongo wa mtu.

Aliyekuwa akituunganisha na Mdachi ni mnyapara, Mswahili wa Tanga, aliyesoma shule ya serikali akakijua Kijerumani. Alivaa kanzu safi hata katika vumbi lile, jambo lililowaudhi wengi. Walimwona mtu wa Mdachi. Alikuwa rafiki wa mume wangu kwa sababu wote wawili walikuwa mbali na kwao, na mimi aliniita shemeji. Amri ya Mdachi ikimpitia yeye ilitoka imelainika kidogo, ingawa sikulijua hilo wakati ule.

Sasa nisimulie lile jambo lenyewe.

Mume wangu alikuwa mwisho wa shimo, ambalo liliingia kilimani kama pango jembamba, alipopiga sululu ikazama mpaka mpini. Upepo wa baridi ukamtokea usoni. Wakatanua kidogo, wakaingiza mshumaa, wakamwita Mdachi. Mdachi alilala kifudifudi akaingiza kichwa, akakaa hivyo mpaka tukadhani amezirai. Alipotoka alikuwa analia, wala hakuficha. Ndani palikuwa na chumba kidogo, kimo chake hakifiki dari la jiko, kuta zake zote zimeota mawe mazito. Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa mlangoni penyewe, limening'inia juu ya tundu kama kizingiti: shada la visu vya rangi ya asali, upana wa kigoda, halina hata ufa. Mdachi akasema, na mnyapara akatufasiria, kwamba hajawahi kuona kitu kama kile, na kwamba atakayekigusa bila amri atajuta.

Kesho yake asubuhi akamtuma mume wangu aingie ndani asafishe kifusi sakafuni, ili mawe ya kuta yakianza kutolewa yasianguke juu ya vifusi. Mume wangu alipita chini ya lile shada kiubavu, amejikunja kama mtu anayepita ua wa miiba. Mimi nilikuwa nje nikipanga majani. Nikasikia kishindo kisichokuwa kikubwa, kama gunia la mahindi likitupwa chini, kisha vumbi likatoka mdomoni mwa shimo, polepole.

Nilikimbia ndani. Hakuna aliyenizuia. Kipande cha dari la kile chumba kilikuwa kimemwangukia mguuni. Alikuwa na mtaimbo, akakisukuma mwenyewe mguu ukatoka, lakini goti lilikuwa limevunjika na mguu umegeukia pasipostahili. Alijikokota mpaka kwenye tundu. Niliuona uso wake chini ya yale mawe, karibu kabisa, umejaa vumbi. Alijaribu kupita kama alivyoingia, akashindwa. Mguu ule haukuweza kukunjwa. Angevutwa moja kwa moja, amelala chali, angepita, lakini shada lilikuwa limeziba nafasi hiyo hasa.

Mdachi alifika, akapiga magoti nyuma yangu na mshumaa. Akatazama mguu, akatazama dari, akatazama shada. Wakasemezana na mnyapara. Mnyapara akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anavyotoa zamu za kazi, kwamba Bwana anataka shada likatwe kwenye shina lake litoke zima, na kwamba anasema hakuna mikono mingine kambini ya kulifanya hilo isipokuwa yangu. Nikapewa tindo na nyundo ndogo. Mume wangu, kwa kuwa yuko chini yake, akaambiwa alishike kwa mikono miwili lisianguke.

Nilianza. Sikuwa na jingine. Nafasi ilimtosha mtu mmoja mwenye mwili mdogo, nimelala ubavu, bega langu limegusa mwamba. Tindo juu, nyundo tk, tk, tk, kwa kuwa ukipiga kwa nguvu jiwe lile linapasuka lote. Mume wangu alikuwa amelishika kama anavyoshikwa mtoto wa watu. Uzito wake ulimtetemesha mikono. Kila nilipopiga, changarawe zilidondoka kutoka kwenye dari nyuma yake, nikazisikia zikigonga sakafu. Alikuwa akipumua kwa mdomo. Kisha akaniambia kwa Kinyamwezi, lugha aliyonifundisha maneno machache tu, kwamba ana kiu. Nikamwambia kwa Kiswahili avumilie kidogo.

Nilikuwa nimekata pengine nusu ya shina, labda haijafika, dari likaanguka tena. Mara hii ni kubwa. Mshumaa alioingia nao mume wangu ukazimika. Vumbi likatujaa kooni wote, na katika vumbi lile nikasikia sauti yake, si kilio, ni kama mtu aliyenyanyua kitu kinachomshinda. Alikuwa bado amelishika lile jiwe. Amefunikwa mpaka kiunoni, na bado amelishika.

Nikamwambia, "Achia."

Akasema, "Litavunjika."

Nikaigeuza nyundo nikaipiga katikati ya lile shada kwa nguvu zangu zote. Lilitoa mlio ambao bado nausikia nikiangusha sahani. Visu vile vikaruka, kimoja kikanikata juu ya jicho. Nikapiga tena. Nyuma yangu Mdachi akapaza sauti, "Halt." Neno hilo, simama, lilijulikana na kila mtu katika nchi ile, mpaka watoto waliocheza askari-askari njiani. Mkono wangu ulisimama hewani. Sikuusimamisha mimi, ulisimama wenyewe, kama mkono wa mtumwa.

Ndipo mnyapara akasema nyuma yangu, kwa sauti yake ile ile ya zamu za kazi, "Shemeji, Bwana anasema ongeza nguvu."

Nililisikia neno la Mdachi na nililisikia la mnyapara. Nilijua lipi ni lipi. Mdachi akarudia neno lake, kwa sauti ya juu zaidi, na mnyapara akarudia lake. Nikapiga mpaka hapakuwa na kitu mlangoni isipokuwa mashina yaliyovunjika. Kisha nikamshika mume wangu kwapani, mnyapara akanishika mimi kiunoni, na wachimbaji wengine wakamshika mnyapara, tukamvuta. Alipita. Mawe yalimchana mgongo wote kuanzia mabegani. Tulipokuwa tunamtoa nje kwenye mwanga, nyuma yetu kile chumba kiliporomoka, na safari hii kishindo kilikuwa kikubwa.

Mdachi alitoka wa mwisho. Alikuwa na kipande kimoja cha rangi ya asali mkononi, hakuna zaidi. Akapita mbele yetu bila kututazama, akaingia kwenye kibanda chake.

Hatukula siku hiyo. Mtu mmoja wa Kiarusha, anayejua mifupa, aliletwa akamnyoosha mume wangu goti na kulifunga kwa vijiti na ngozi mbichi. Mume wangu aliuma kamba. Mnyapara alikaa nje ya kibanda chetu, kanzu yake imechanika na kuchafuka, akitazama barabara ya Arusha. Wachimbaji ambao hawakumpenda walikuja mmoja mmoja kumsalimu, wakachuchumaa kidogo, wakaondoka. Kila mtu alijua kinachokuja. Kumpindulia Mdachi neno lake mwenyewe, mbele ya uso wake, hakukuwa kosa la hamsa ishirini. Hilo lilikuwa la mnyororo shingoni.

Jioni, jua likiwa bado juu ya Monduli, niliitwa peke yangu. Mdachi alikuwa amekaa mezani na kile kipande mbele yake. Aliyesimama kando kufasiri hakuwa mnyapara. Alikuwa mpishi wa Mdachi, aliyejua Kijerumani cha jikoni. Hapo nikafahamu kwamba Mdachi amekwisha kumshuku mnyapara.

Akaniuliza kama nalijua neno halt. Nikasema nalijua, ni la askari.

Akaniuliza kama nililisikia leo. Nikasema kwamba shimoni kulikuwa na kelele za nyundo, za mawe, na za mume wangu, na mimi masikio yangu yalikuwa kwa mume wangu.

Akaniuliza mnyapara aliniambia nini.

Mpishi alipofasiri swali hilo alitazama miguu yake. Nilijua kwamba nikitaja neno moja tu, mtu aliyetutoa atakwenda kufa barabarani akiwa amefungwa mnyororo mmoja pamoja na wezi. Na nikisema uongo ukagundulika, mimi pia nina mgongo, na mume wangu yuko chali hawezi hata kujigeuza. Damu ya juu ya jicho ilikuwa imeanza kutiririka tena, nikaiacha.

Nikasema, "Aliniita shemeji. Zaidi ya hapo sikusikia."

Aliuliza tena kwa njia nyingine, nami nikajibu vile vile. Akauliza tena. Nikajibu vile vile. Mdachi akakigeuza kile kipande mezani, akakitazama kwa kioo chake cha kukuzia, kana kwamba mimi sipo, kisha akasema maneno marefu kwa sauti ya chini. Mpishi aliyatafutia Kiswahili kwa shida.

"Anasema, kama mtu wake angekuwa mle ndani, naye angevunja. Anasema hilo analijua. Lakini anasema pia hatakusamehe, wala huyo aliyekufasiria, na kwamba mkiondoka kesho mapema hataandika barua."

Nilisema asante. Sijui kama mpishi aliifasiri. Mpaka leo sijui nimhesabu vipi mtu yule. Siku nyingine namwona kama mtu aliyetuachia uhai wetu, na siku nyingine nakumbuka kwamba uhai huo haukuwa wake wa kutuachia.

Kesho yake tulimpakia mume wangu juu ya punda wa maji, mguu umenyooka kando kama gogo, tukashuka. Mnyapara alitembea nasi mpaka Elerai, karibu na Arusha. Kila tuliposikia miguu ya farasi nyuma yetu tuliingia vichakani, mume wangu akiuma tena kamba yake. Mara zote walikuwa Makaburu waliokwenda kwenye mashamba yao. Hakuna barua iliyoandikwa, au kama iliandikwa haikufika.

Mume wangu hakukunja goti lile tena. Tulirudi kukaa chini ya boma, naye akajifunza kushona viatu vya ngozi, akaketi kibarazani mguu umenyooshwa njiani, na wapita njia wakajifunza kuuruka. Baba yangu alipopata habari alikuja mwenyewe kutoka mlimani na mkungu wa ndizi begani. Alimtazama mkwewe, akatazama na kovu langu, akakaa nasi mpaka ndizi zikaiva.

Mnyapara alipanga chumba karibu nasi, akawa anaandikia wafanyabiashara barua zao. Muda mrefu hatukulitaja lile jambo. Watu wakiwa wengi halikutajika, na tukiwa wachache lilituzidi. Idi moja nilimpikia wali na nyama ya mbuzi, nikaketi wakati anakula, nikamwambia kwamba nilimsikia Mdachi vizuri siku ile, maneno yote mawili niliyasikia.

Alimaliza tonge lake kwanza. Akanawa mikono taratibu.

"Kijerumani changu kilikuwa kibovu tangu shuleni, shemeji," akasema. Mume wangu akacheka mpaka akashika goti, na mnyapara naye akacheka, nami nikaingia jikoni kwa sababu nilikuwa nalia.

Vita vilipokuja Wadachi waliondoka, na yule wetu sikusikia alikokwenda. Miaka baadaye nilipita Oldonyo Sambu na mwanangu, tukienda kununua mbuzi. Kilima kilikuwa kimejifunga, na mbuzi walikuwa wanalala penye kivuli pale palipokuwa mdomo wa shimo. Mwanangu aliokota ardhini kipande cheupe, akakipima mkononi, akashangaa uzito wake. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia akirudishe, tumechelewa mnadani.